Nkuhungu hadi Mtumba kila siku: gari lipo, saa haipo

mkazi_nkuhungu

Wakuu salaam, na wenyeji wa Dodoma mbukwenyi.

Nina jambo nimelibeba tangu mwaka jana, leo nimeona nilitue hapa. Nakaa Nkuhungu, kibarua changu kipo Mtumba, kwenye steshenari jirani na Mji wa Serikali. Sina gari wala pikipiki. Kila siku ya kazi napanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo haya ninayoandika sikusimuliwa.

Asubuhi yangu huwa hivi. Saa 11:20 alfajiri nipo barabarani Nkuhungu. Gari la mjini halikawii, na muda huo bado unapata kiti. Saa 11:45 nimeshuka Sabasaba, kituo cha daladala cha mjini, na hapo ndipo safari inaposimama. Hiace ya Mtumba ipo, mlango wazi, konda anaita "Ihumwa Mtumba, Ihumwa Mtumba, mmoja wa mbele!" Naingia, tupo wanne. Injini imezimwa, dereva yupo kwa mama wa chai. Tunakaa. Wanaingia wawili, mmoja wa waliotangulia anachoka, anashuka kufuata bajaji, hesabu inarudi nyuma. Mpiga debe anagonga bati, dereva anakuja na kikombe mkononi, anawasha, anasogeza gari hatua tatu mbele. Wote tunakaa sawa, wenye mabegi wanayapakata. Kisha anarudisha nyuma pale pale lilipokuwa na kuzima.

Mwezi wa tatu nilianza kuandika kwenye daftari saa niliyoingia garini Sabasaba na saa lilipoondoka. Nimeandika asubuhi 18. Siku ya haraka kuliko zote nilikaa dakika 6. Siku ya kuchelewa kuliko zote, Jumatatu moja ya mvua, nilikaa dakika 53. Kituo kile kile, muda ule ule. Ingekuwa kila siku ni dakika 53 ningezipangia, ningelala nazo akilini. Ila kwa kuwa siwezi kujua leo ni siku ipi, inanibidi niamke kila siku kana kwamba leo ndiyo ile Jumatatu. Mwanangu wa darasa la pili sijamwona akinywa uji wa asubuhi siku ya shule tangu mwaka uanze. Naondoka amelala.

Sasa nije kwenye nauli, maana hapa wengi hatukai tukapiga hesabu. Nauli za daladala LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inazipanga kwa umbali. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 2023, ruti isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600, ya kilomita 16 hadi 20 ni 800, ya 21 hadi 25 ni 900. Nkuhungu hadi Mtumba haizidi kilomita 25. Lingekuwepo gari moja linalokatiza mji, ningelipa 900. Kwa kuwa nabadilisha Sabasaba nalipa 600, halafu 800, jumla 1,400. Kilomita ni zile zile. Nikishuka tu, nahesabiwa upya kama mtu aliyetoka nyumbani sasa hivi. Kwenda na kurudi ni shilingi 1,000 ya ziada, na kwa siku 22 za kazi ni 22,000. Kwa kipato changu hiyo ni hela ya unga na mafuta ya kupikia. Anayetoka mbali zaidi, wa Nala au Mkonze, naye yuko hivyo hivyo: adhabu yake ni kukaa upande wa pili wa mji.

Na mji wetu umesambaa. Mji wa Serikali upo mashariki, kilomita 17 hivi kutoka katikati. Stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai vipo Nzuguni, pale tunapopaita Nanenane. Chuo Kikuu kipo kule vilimani, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jirani yake. Lakini ruti karibu zote zina kichwa kimoja, katikati ya mji. Ni tairi la baiskeli lenye spoki, ringi halina. Ukitaka kutoka ncha moja ya spoki kwenda ya jirani yake, lazima uende hadi kwenye ekseli ndipo urudi nje.

Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956 kwenye manispaa. Ya 2022 imetukuta 765,179. Wameongezeka watu, ofisi na nyumba, mitaa kama Ilazo na Swaswa imejaa. Namna ya kupanda gari imebaki ile ile ya mji mdogo: ingia, kaa, lijae, liondoke.

Naomba tuchangie kwa mambo tuliyoyaona wenyewe. Unatoka wapi, unaenda wapi, unabadilisha mara ngapi, unakaa muda gani. Madereva na makonda karibuni sana, uzi huu si wa kuwasema. Siasa za vyama tuziache kwenye nyuzi zake.

---

nyika_kavu

Hoja ya kulipa mara mbili sikuwahi kuifikiria na naishi hapa mwaka wa saba. Mimi Kizota hadi Ihumwa, habari ni ile ile. Nafuatilia.

---

mama_wa_wawili

Asante kaka kwa kuufungua huu uzi. Mimi nipo Ilazo. Mtoto wangu wa pili ana kliniki Benjamin Mkapa kila baada ya wiki nne. Mtu mgeni akitazama ramani atasema Ilazo na hospitali ni jirani, maana zote zipo upande huu wa mashariki. Lakini kwa daladala nakwenda mjini kwanza, nashuka, navuka na mtoto mgongoni, natafuta gari la kule juu chuoni, ndipo narudi upande niliotoka. Mtoto ana miaka minne, mzito sasa. Akiwa na homa siwezi kumtembeza juani, na jua la Dodoma mnalijua la mwezi wa kumi.

Kwa hiyo siku za kliniki nakodi bajaji. Ile ya kuchangia haipandi huko, inakwenda mjini tu. Ya kukodi napatana, siku nyingine 5,000, siku nyingine anasema 8,000 kwa sababu ameniona nina mtoto mgonjwa na sina pa kwenda. Simlaumu sana, naye ana hesabu ya mwenye chombo. Ila naumia kwamba bei inategemea sura yangu ya asubuhi hiyo.

Ombi langu si kubwa. Hata Hiace mbili tu zizunguke Nzuguni, Ilazo, Kisasa, chuoni, hospitali, bila kuingia mjini. Wamama tupo wengi. Pale kliniki tukikaa kwenye benchi mazungumzo ni hayo hayo: wewe umekuja na nini leo?

---

suka_wa_sabasaba

Nimeitwa, nimekuja. Mimi ni dereva, mwaka wa tisa kwenye usukani, ruti ya mashariki. Mleta mada umeandika ukweli mtupu, hata hiyo ya kusogeza gari hatua tatu ni kweli tunaifanya. Nataka uelewe kwa nini, maana abiria mnadhani tunapenda kukaa pale.

Gari si langu. Kuna tajiri, na jioni anataka hesabu yake kamili, mvua au jua. Kabla ya hesabu kuna mafuta. Baada ya hesabu na mafuta ndipo tunagawana na konda. Siku ambayo haikufika, mimi ndiye ninayelala na deni. Sasa saa 12 asubuhi watu wote wanatoka mjini kwenda Mtumba. Nakwenda nimejaza, vizuri. Kurudi je? Saa 1:30 asubuhi nani anatoka Mtumba kuja mjini? Narudi na watu watatu, siku nyingine na konda wangu peke yake. Jioni ni kinyume chake. Kwa hiyo ile trip ya kujaza inabeba mafuta ya safari mbili. Nikiondoka na watu wanane nimeshapata hasara kabla ya kufika Nanenane.

Na kuna jambo la pili ambalo abiria hamlioni. Tuseme mimi leo nimeamua kuwa mtu wa saa. Naondoka saa 12:10 na watu wanane. Aliye nyuma yangu kwenye zamu anasogea, anajaza kwa dakika kumi wale ambao wangekuwa wangu, ananipita njiani, na abiria wa vituo vya mbele anawachukua yeye. Jioni yeye ana hesabu, mimi sina. Kesho yake na mimi nitakaa. Saa haiwezi kuwekwa na dereva mmoja. Mmoja akiifuata peke yake, inamla.

Kukatisha ruti, yaani kuwashusha abiria kabla ya mwisho wa safari, nako kuna sababu ile ile. Tukifika Ihumwa na watu wawili wa Mtumba, kilomita zilizobaki hazilipi. Najua ni kosa na najua abiria anaumia. Nimesema ili mjue linatoka wapi.

---

mkazi_nkuhungu

Suka, heshima kwako kaka. Hiyo aya ya aliye nyuma yako nimeisoma mara tatu. Miezi yote hii nimekaa kwenye kiti nikikuangalia ukinywa chai, nikakuhesabu kuwa mvivu. Nisamehe.

Nikuulize: magari yote ya ruti yenu yangekuwa na kapu moja, yaani nauli za asubuhi zikusanywe pamoja halafu zigawanywe kwa idadi ya trip alizopiga kila mmoja, bado ungekaa kusubiri lijae?

---

suka_wa_sabasaba

Kama nalipwa kwa trip, nisubiri nini? Ningeondoka. Ningetaka kupiga trip nyingi.

Shida ni kapu linashikwa na nani. Hapo ndipo watu hugombana. Na matajiri ni wengi, kila mmoja ana gari moja au mawili, hawajuani. Kwenye ruti moja unaweza kukuta magari ishirini yana wenyewe kumi na tano.

---

boda_ni_jibu

Mnajisumbua. Bodaboda inakutoa mlangoni hadi mlangoni, haisubiri mtu. Anayetaka saa achukue pikipiki kwa mkataba, ndani ya mwaka na kitu ni yake.

---

mkazi_nkuhungu

Ndugu, boda naipanda nikichelewa kabisa, sikatai msaada wake. Lakini barabara ya Morogoro kuanzia Nanenane ni ya malori na mabasi ya mikoani, upepo wa lori peke yake unakuyumbisha. Nimewahi kufika kazini nikakaa nusu saa mikono inatetemeka. Na kukodi boda kilomita 22 kila siku, mshahara wangu unaishia barabarani. Halafu dada mwenye mtoto wa kliniki unamshauri nini? Mzee wa miaka 70 je? Mji wa watu laki saba na zaidi hauwezi kumwambia kila mmoja ajitafutie chombo chake.

---

mzee_wa_kikuyu

Wanangu, salaam. Nimekaa Dodoma tangu kabla hata ya kuanza kuitwa makao makuu kwa vitendo. Nataka niongeze kumbukumbu moja, kwa sababu mnaongea kana kwamba jambo hili halikuwahi kufikiriwa.

Chama cha TANU kilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyovunjwa mwaka 2017. Ukatengenezwa mpango kabambe wa mji, ukakamilika mwaka 1976, wataalamu wakitoka Kanada. Mpango ule uliweka mtembea kwa miguu na basi mbele ya gari binafsi. Mitaa ilikusudiwa ipangwe kando ya njia za mabasi, basi liwe na njia yake lenyewe, na mtu aweze kutoka nyumbani kwake hadi kituoni kwa miguu. Mwalimu Nyerere hakutaka mji wa maghorofa na magari ya wakubwa. Mawazo ya Ujamaa yalikuwa ndani ya ile michoro, katika vitongoji vyenye shule yake, soko lake na kituo chake.

Fedha hazikuwepo. Vita vya Kagera vikaja, hali ikawa ngumu miaka ya themanini, serikali ikabaki Dar es Salaam, na Dodoma ikakua polepole kwa namna yake. Sisi tulikwenda kwa miguu na kwa baiskeli. Kutoka Kikuyu hadi sokoni Majengo hukuhitaji gari, uliogopa korongo tu wakati wa masika.

Wakubwa walipoanza kuhamia kweli kweli mwaka 2016, na mji ukatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, ujenzi ulikwenda mbio. Barabara zimejengwa nzuri, nakiri kwa moyo mweupe. Zamani ukitoka Ipagala mvua imenyesha ulifika mjini na tope hadi magotini. Sasa lami ipo. Lakini tazameni kilichojengwa: njia ya kupita chombo. Namna ya abiria kusafirishwa kwenye njia hizo imeachiwa wenye Hiace na wenye bajaji, na wao, kama kijana dereva alivyosema vizuri, wanabeba hasara ya mji mzima kwenye mfuko wa mtu mmoja.

Kuna hiyo barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Itaondoa malori mjini, na huo ni msaada mkubwa. Lakini ipo mbali mno na nyumba za watu kuwa ile ringi anayoitafuta mleta mada. Ringi yake ni ndogo, ni ya ndani: Nkuhungu, Mnadani, Miyuji, Mlimwa, Ilazo, Kisasa, chuoni. Sehemu kubwa yake lami ipo tayari. Hakuna cha kujenga pale zaidi ya vibanda vya kivuli.

---

mwaka_wa_pili

Shikamoo mzee. Mimi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nakaa Ng'ong'ona. Mchana sisi hatuna shida sana, magari ya chuoni yanajaa haraka kwa sababu tupo wengi. Shida yetu ni usiku.

Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa kutembea usiku, unaweza kutoka Mwanza jioni ukashuka Nanenane saa 9 usiku. Mimi imenitokea muhula uliopita. Basi likatushusha, likaendelea na safari yake. Stendi ni kubwa, taa zinawaka, watu wapo. Ila daladala hakuna hata moja. Bajaji wananiambia elfu 15 hadi chuoni, na mfukoni nilikuwa na 11,000 ya kuanzia muhula. Nililala kwenye kiti cha bati, begi nimelifunga mguuni kwa kamba ya kiatu, hadi saa 11:30. Mwezi wa saba kule Nanenane usiku ni baridi ya upepo, si mchezo. Kulikuwa na dada mwingine ana mtoto mchanga, tukampisha akae kwenye kona isiyo na upepo, tukasogeza mabegi yetu kama ukuta.

Kwa SGR, ile treni ya umeme, hali ni afadhali kwa sababu saa ya kufika inajulikana, bajaji na teksi zinakuja. Lakini linganisheni. Dar es Salaam hadi Dodoma kwa treni ya kawaida ni 31,000, kwa saa tatu na nusu hivi. Halafu ukishuka unapatana 10,000 au zaidi kumalizia hapo hapo mjini. Theluthi ya nauli ya Dar, kwa kipande ambacho nyumbani nikieleza hawaamini.

---

mkazi_nkuhungu

Mdogo wangu pole sana. Na umegusa kitu nilichotaka kukisema vibaya, wewe umekisema vizuri. Treni imetuonyesha kwamba saa inawezekana. Tangu ianze kuja Dodoma Julai 2024 watu wamejifunza kufika stesheni mapema, kwa sababu wanajua haitawasubiri. Ni Watanzania wale wale, wakiwemo waliokuwa wakisemwa kwamba hawajali muda. Mtu anafuata saa pale saa inapomfuata na yeye.

Mzee wangu wa Kikuyu, asante. Nimekaa na maneno yako kuhusu mpango wa 1976. Kumbe ninachokiomba kilishachorwa kabla sijazaliwa.

Nimejaribu kukusanya tulichopata humu. Kwanza, ruti mbili tatu zipite katikati ya mji bila kuishia hapo: Nkuhungu hadi Mtumba, na labda Kizota hadi chuoni. Abiria atalipa mara moja kwa umbali wake, na gari halikai Sabasaba kujaza upya. Dar es Salaam mtu anayepanda mabasi ya mwendokasi anaweza kubadilisha basi ndani ya kituo bila kukata tiketi nyingine. Sisi hatuhitaji vituo vile vya kioo. Gari lisiishie njiani, basi.

Pili, ile ringi ya ndani ya mama_wa_wawili.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito kwangu, saa za kuondoka alfajiri na usiku. Mchana hata nikisubiri nitaishi. Ila kati ya saa 11 na saa 1 asubuhi, na kuanzia saa 2 usiku, gari liondoke kwa saa hata likiwa na watu watano. Hasara ya kuondoka na watano isibebwe na dereva peke yake, na hapo sina jibu kamili zaidi ya lile kapu.

Nimewaza pia kuhusu mabasi ya watumishi wa ofisi mbalimbali. Yanaleta watu Mtumba asubuhi na mengi yanakaa juani hadi jioni. Mama lishe, mfagiaji, mlinzi, mimi wa steshenari, hatuyapandi, na sisi ndio tunaotakiwa kufika kabla ya mtumishi ili akute chai imechemka na ofisi imefagiliwa. Sijui kama inafaa kuyachanganya na abiria wa kulipa, naliweka mezani tu.

---

konda_mstaafu

Nimekuwa konda miaka sita, sasa nauza vipuri. Ringi ya ndani mnayoisema tuliwahi kuijaribu na Hiace moja, Miyuji kwenda Ilazo hadi Kisasa. Tuliacha wiki ya pili. Watu hawakujua kama lipo. Wanaona gari linapita halina rangi ya ruti wanayoijua, wanadhani limekodiwa. Ruti mpya inahitaji wiki nyingi za kupata hasara kabla watu hawajaizoea, na mtu mwenye gari moja hana wiki hizo. Kama kuna wa kusaidia, asaidie hapo, mwanzoni. Baadaye itajiendesha yenyewe, nina hakika, maana zile bajaji mnazoona zimejaa Ilazo zinaishi kwa hao hao abiria.

Jingine ni wanafunzi wa shule. Nauli yao ni 200. Konda akiona sare kumi kituoni anaona viti kumi vya hasara, anamwambia dereva kanyaga. Nilifanya hivyo, na mwanangu sasa ni wa kidato cha kwanza, anaachwa vile vile pale Chang'ombe. Kapu likiwepo, mtoto wa shule hatakuwa mzigo wa gari moja.

---

mama_wa_wawili

Konda mstaafu, Mungu akubariki kwa kusema hilo. Hiyo Hiace ya Miyuji nadhani niliwahi kuiona ikipita. Kweli nilidhani imekodiwa.

---

suka_wa_sabasaba

Jamani nimerudi. Uzi huu nimewasomea wenzangu kijiweni juzi jioni. Kulikuwa na kelele nyingi, mmoja akasema abiria wakishaanza kutupangia tutakoma. Lakini wawili wamenielewa, na mmoja ana bahati kwamba gari ni la shemeji yake, wanasikilizana.

Tumekubaliana jaribio dogo. Jumatatu, sisi watatu tu, magari matatu ya Mtumba, tunaondoka Sabasaba saa 12:00, saa 12:20 na saa 12:40, tumejaa au hatujajaa. Nauli za trip hizo tatu tunaziweka pamoja tunagawana sawa sawa. Msimamizi wa kituo nimeongea naye, amesema kwa trip ya kwanza ya kila mmoja hatatuingilia zamu. Ni wiki moja. Ikitushinda tunarudi kukaa.

Mleta mada, wewe wajulishe watu. Konda mstaafu kasema kweli, bila watu kujua tumekwisha.

---

mkazi_nkuhungu

Nimesimama kuandika hapa, nilikuwa nimekaa. Kaka, nitakuwepo saa 11:50. Nimeandika saa hizo tatu kwa kalamu nzito kwenye karatasi za steshenari, nimebandika kwa mama wa chai Sabasaba, na kwenye kibanda cha M-Pesa Nkuhungu kwa ruhusa ya mwenyewe. Walio Nkuhungu, Kizota na Chamwino mnaokwenda Mtumba, tuonane Jumatatu. Msipande bajaji siku hiyo kama mna dakika za kuvumilia.

---

nyika_kavu

Nitakuwepo la 12:20.

---

mkazi_nkuhungu

Jumatatu, naandika nikiwa kazini.

Gari la kwanza liliondoka saa 12:03. Tulikuwa tisa. Konda alipofunga mlango mama mmoja wa kiti cha nyuma akauliza, "Tunaondoka? Kweli?" Makole wakapanda wawili, Kisasa mmoja, Nanenane watatu waliokuwa wameshuka kwenye basi la usiku na mizigo yao. Ihumwa tulikuwa kumi na mbili, na gari halikukatisha ruti. Nimeshuka Mtumba saa 12:41. Mlango wa steshenari nimeufungua mwenyewe, mlinzi ananiuliza leo kuna nini.

Suka ameniambia la 12:20 liliondoka na watu kumi na mmoja, la 12:40 lilijaa kabla ya muda wake. Hela wanagawana jioni. Nimemwomba aje aandike hapa hapa ilivyokuwa, hata kama wamepungukiwa.

Kesho natoka nyumbani saa 11:30. Ni dakika kumi tu nimerudishiwa, nataka kuona kama uji utakuwa umeshaiva.